Kesi ya Bata na Kofia ya Komisere

Sauti ya Papa Cirhuza ilikuwa kama mvua ya Machi juu ya mabati, ile isiyo na radi wala upepo, inayoanza saa nane mchana na kumkuta mtu saa kumi bado ameshika kijiko, hajui alikuwa anakwenda nacho wapi. Hakuitafuta sauti hiyo. Alizaliwa nayo kule Katana, na mahakama ikaipalilia kwa miaka thelathini na mmoja. Alikuwa karani wa mahakama, greffier kama watu wa Bukavu walivyomwita, na kazi yake ilikuwa kusoma hukumu zilizoandikwa kwa Kifaransa huku akizigeuza papo hapo kwa Kiswahili, ili wenye kesi waelewe kilichowapata. Mbele ya sauti hiyo walilala askari, walilala mawakili, na siku moja alilala mshtakiwa mwenyewe, ikabidi aamshwe aambiwe kwamba ameachiliwa huru. Aliamka akaangua kilio, akidhani amefungwa.

Mwaka 1976 wakampumzisha. Walimpa barua yenye mihuri mitatu na mkono wa kwaheri, akapanda mteremko kurudi kwenye nyumba yake ya matofali huko Ibanda, inayoliangalia ziwa kwa dirisha moja tu, na hapo akagundua kwamba hana tena cha kusoma. Mtu aliyezoea kusoma kwa sauti ni kama jogoo: hanyamazi eti kwa sababu watu wa nyumbani wameshaamka. Alisoma gazeti la wiki iliyopita. Alisoma karatasi ya dawa ya minyoo, pamoja na madhara yanayoweza kumpata mama mjamzito. Alisoma karatasi ya sabuni, pande zote mbili.

Mkewe, Maman Constance, alikuwa fundi wa kushona, na cherehani yake ilikaa hapohapo sebuleni. Alivumilia miezi miwili. Siku aliyosinzia katikati ya dawa ya minyoo na kushona mkono wa blauzi ya mteja kwenye kitambaa cha meza, aliinuka, akajifunga kitenge, akaenda parokiani.

"Padri," akamwambia Padri Ignace, "uniokolee ndoa yangu."

Padri alishtuka. "Polycarpe anakupiga?"

"Angenipiga ningepiga kelele, basi mu nyumba sauti yangu nayo ingesikilika. Hapana, Padri. Ananisomea."

Polycarpe ndilo jina la ubatizo la Papa Cirhuza. Miaka minne nyuma serikali ilikuwa imeamuru watu waache majina ya Kizungu, na yeye, mtu wa sheria, alilivua siku hiyohiyo saa mbili asubuhi. Lilibaki likivaliwa nyumbani na sakristiani tu, kama suruali kuukuu.

Padri Ignace alikuna kidevu. Katika ghala la parokia kulikuwa na sanduku la vitabu vya watoto, vya Kifaransa, vilivyoachwa na mwalimu mmoja wa Kibelgiji aliporudi kwao. Hadi siku hiyo waliokuwa wakivipitia ni panya. Na huko barabarani, kila alasiri, watoto wasiofikia umri wa shule walikuwa wakisukumana kwenye mitaro na kuwarushia watu maganda ya ndizi.

"Akuje Jumatano, saa tisa," Padri alisema. "Abasomee batoto. Lakini ni kazi ya kujitolea, maman, parokia haina kitu ya kumupa."

"Padri, uko namupa batu ya kusikiliza. Aksanti sana. Aksanti tena."

Jumanne jioni Papa Cirhuza alipuliza vumbi la sanduku, akachagua kitabu chembamba kuliko vyote, akaketi mezani kukisoma kimyakimya kwanza, kama alivyozoea kufanya kwa kila faili. Kilikuwa hadithi ya bata jike mweupe aliyeiba kofia ya meya. Kurasa ishirini na nne, kila ukurasa na picha yake. Maman Constance alikuwa jikoni akimenya viazi aliposikia mumewe akikohoa vibaya. Akaja mbio na kikombe cha maji. Hakuwa anakohoa. Alikuwa amefika ukurasa wa ishirini na nne, ameweka kiganja juu ya picha, machozi yanamtoka, mabega yanaruka. Maman Constance alisimama na kikombe chake mkononi. Mara ya mwisho kumwona mumewe akicheka namna ile, mtoto wao wa kwanza alikuwa hajaota meno, na sasa mtoto huyo alikuwa na upara.

"Ni nini? Unionyeshe."

Papa Cirhuza alikifunga kitabu haraka. "Hapana, Constance. Hukumu haisomwi kabla ya sababu zake. Hata jambazi iko na haki hiyo."

Usiku ule alikwenda kulala na tamaa moja, mpya na nyepesi, ya kumwaibisha mzee: watoto wafike nao ukurasa ule, awaone wakicheka. Hata mmoja.

Jumatano saa tisa kasorobo alikuwa ukumbini, ndani ya abakosti yake, suti ya kijivu isiyovaliwa tai, iliyopigwa pasi mpaka ikawa na kingo. Walikuja watoto kumi na mmoja, wakakaa kwenye sementi. Nje ziwa lilikuwa na rangi ya bati kuukuu, na mawingu yalikuwa yamejilaza juu ya vilima vya ng'ambo kama ng'ombe walioshiba. Papa Cirhuza alisafisha koo. Alikuwa amekwisha kumtafutia meya wa kitabuni Kiswahili chake: Bukavu wakati huo mwenye madaraka aliitwa Komisere wa Zone, basi naye awe Komisere wa Zone. Hakuona ubaya wowote.

"Kwa kuwa," akaanza, "asubuhi ya siku isiyotajwa, bata mmoja wa jinsia ya kike, mweupe, asiye na kazi wala makazi yanayojulikana, alionekana kando ya maji, kwa kuwa siku hiyohiyo Komisere wa Zone, akiwa katika matembezi halali, alivua kofia yake na kuiweka juu ya benchi la umma, kwa kuwa kofia tajwa ilikuwa nyeusi, ya duara, na katika hali nzuri ya matumizi..."

Karani mzuri hainui macho, akiinua hupoteza mstari. Papa Cirhuza hakuinua macho. Kufikia ukurasa wa sita aliona kwamba ukumbi umetulia kabisa, akasema moyoni: hawa watoto wana heshima kuliko mawakili. Alisoma mpaka mwisho. Kwenye ukurasa wa ishirini na nne alitua, akangoja kicheko.

Akasikia mkoromo.

Watoto kumi na mmoja walikuwa wamelala kwenye sementi kila mmoja na upande wake, kama viazi vilivyomwagika kutoka kwenye gunia.

"Balilala, Constance," alisema nyumbani, bila kuvua viatu.

"Jua ilikuwa kali."

"Kulikuwa mawingu."

"Basi mawingu ilikuwa kali."

Lakini mtaani habari ilisikika kwa namna nyingine. Maman Valérie, muuza ndagala, dagaa wa ziwani, alikuwa na binti wa miaka mitano aitwaye Eulalie, mtoto ambaye tangu azaliwe hakuwahi kufunga jicho mchana. Alikuwa amepelekwa kwa daktari, akapelekwa kwa bibi yake Kabare, akapewa chai ya majani ambayo ilimlaza bibi mwenyewe. Jumatano ile Eulalie alilala kwa saa mbili nzima. Maman Valérie aliuza ndagala zake zote, akaoga, akasuka nywele upande mmoja.

"Ule muzee iko na dawa mu sauti," aliwaambia wenzake kwenye bomba la maji. "Anasema tu 'kwa kuwa', mutoto anakufa."

"Anakufa?"

"Kwa usingizi, weye! Saa mbili! Nilisuka huyu upande. Jumatano inakuya nitasuka huyu mwingine."

Jumatano iliyofuata walikuja watoto thelathini na wanne, na mikeka. Wengine walikuja na mito. Kulikuwa na kichanga mmoja kwenye kikapu. Na nyuma kabisa alikaa Tonton Honoré, mlinzi wa usiku wa jumba moja la kwenye rasi, mwenye rungu na koti refu, ambaye kwa ajili ya kelele za mtaa alikuwa hajapata usingizi wa mchana tangu Pasaka.

"Honoré," Papa Cirhuza alimwambia, "hii ni ya watoto."

"Miye pia ni mutoto wa mutu, Papa. Endelea tu."

Kabla ya ukurasa wa nne rungu lilikuwa limeanguka, na mwenyewe hakusikia.

Akina mama walianza kumshukuru. Walimletea viazi vitamu, walimletea maharage mapya, Maman Valérie alimletea ndagala kwenye jani la mgomba. Papa Cirhuza alivila vyote kwa aibu, kama hakimu anayekula rushwa. Siku moja alimkuta Eulalie njiani akiruka kamba, akainama mpaka magoti yakalia.

"Eulalie, mwanangu. Ile kofia, bata aliifanya nini?"

"Bata gani?" alisema Eulalie, bila kuacha kuruka.

"Bata wa kitabuni."

"Aaah! Mu kile kitabu kuko bata?"

Papa Cirhuza alirudi nyumbani mikono nyuma, kama mtu aliyesomewa hukumu yake mwenyewe.

Basi akaanza kupambana. Alifungua madirisha yote ili upepo wa ziwa uwaamshe; watoto walisogeleana, wakafunikana mikeka, wakalala vizuri zaidi. Alijaribu kupandisha sauti. Ilipanda, lakini ilipanda yote pamoja, kama maji ya mto, na kichanga wa kwenye kikapu akatabasamu usingizini. Kisha akakumbuka kwamba mahakamani hukumu husikilizwa kwa kusimama. Jumatano ya tano akawasimamisha wote, mistari minne, mikono ubavuni. Walisikiliza kurasa saba wakiwa wima. Kwenye ukurasa wa nane mtoto wa mwisho wa mstari wa nyuma alimwegemea mwenzake, mwenzake akamwegemea mwenzake, na mistari yote minne ikalala chini polepole, bila hata mmoja kuamka, kama mtama uliopitiwa na upepo. Wa mwisho kuanguka alikuwa Tonton Honoré.

Maman Constance alimwona mumewe akirudi, akaacha cherehani.

"Polycarpe, juu ya nini unajitesa? Bamaman banafurahi. Batoto banapumuzika. Hata miye napumuzika."

"Hakuna hata mutoto mumoja anajua mwisho."

"Basi anza kwa mwisho."

"Constance!"

"Haya, haya. Sababu kwanza." Alikata uzi kwa meno. Mvua ilikuwa imeanza, na kwa muda ilionekana kama nyumba nzima inasomewa. "Niambie kitu. Miaka thelathini na moja kule mu tribunal. Bote balikuwa nalala?"

"Bote."

"Hata mumoja hakubaki macho?"

Papa Cirhuza aliwaza kwa uaminifu, kama alivyofanya kila jambo. Aliona mabenchi yale, vichwa vimeinama, nzi wakitembea kwenye vichwa vya mawakili. Halafu akaona, benchi la mbele, mzee mmoja wa Kabare aliyekaa siku tatu na macho makavu kama mawe, akisubiri kusikia mbuzi wake ni wa nani.

"Mwenye mbuzi," alisema taratibu. "Mwenye mbuzi hakusinzia. Na yule aliyeshtakiwa kwamba amemuiba, yeye pia hakusinzia. Na ndugu zao."

"Ehee," alisema Maman Constance, akarudi kwenye pindo lake.

Papa Cirhuza hakurudi popote. Alikaa wima kitini, na midomo ikaanza kucheza bila sauti.

Jumatano ya sita hakufungua kitabu. Alisimama, akatoa kipande cha karatasi, na kwa sauti ileile akaita: "Mlalamikaji, Komisere wa Zone!"

Watoto walitazamana, wengine wakiwa wamekwisha tandika. Papa Cirhuza alimwelekezea kidole mtoto mmoja mnene wa miaka sita, Cyprien. "Wewe. Kofia yako imeibwa."

"Yangu?"

"Yako. Nyeusi, ya duara, katika hali nzuri ya matumizi."

Cyprien alijishika kichwa. Uso wake ukabadilika. "Nani alikamata kofia yangu?"

"Mshtakiwa, Bata!" Na kidole kikamwendea Eulalie.

"Présente!" Eulalie aliruka juu. "Na miye sikuiba!"

"Bado hujaulizwa."

"Nasema mbele, juu usisahau."

Kwa kuwa watu hawaendi mahakamani peke yao, Papa Cirhuza aliugawa ukumbi: huku ndugu za Komisere, kule ndugu za Bata. Katoto kamoja ka miaka mitatu kalikobaki katikati kalianza kulia kwamba hakakupewa kitu, basi kakapewa kuwa Kofia. Kakapandishwa kwenye benchi, kakakunja mikono, na hapajapata kuwa na kofia yenye adabu namna ile. Tonton Honoré, aliyekuwa amekuja kwa usingizi wake wa kawaida, alijikuta ameitwa mlinzi wa mahakama na kuwekwa mlangoni na rungu lake.

"Lakini Papa, miye nilikuya kulala."

"Aliye zamu halali, Honoré."

Hapo tu ndipo kitabu kilipofunguliwa. "Kwa kuwa mshtakiwa aliikaribia kofia kwa hila, akitembea upande..."

"Uongo!" walipiga kelele ndugu za Bata.

"Iko mu picha!" walijibu ndugu za Komisere.

"Picha ni ya kwenu!"

"Kwa kuwa aliishika kwa mdomo na kuondoka nayo majini..."

"Mwizi! Mwizi! Arudishe!"

"Kwa kuwa Komisere alirudi, akakuta benchi tupu..."

Cyprien alisimama bila kuitwa. "Miye nilikuwa na kofia. Sasa kichwa iko na baridi. Kesho nitaenda kazi vipi? Batu batasema, angalia huyu, Komisere ya bure." Na akaanza kulia kwelikweli, mpaka Kofia ikashuka kwenye benchi, ikaenda kumfuta machozi, ikarudishwa mahali pake.

Papa Cirhuza alikuwa anasoma akiinua macho. Alipoteza mstari mara nane, na mara nane watoto walimwonyesha alipofika, ingawa hakuna aliyejua kusoma. Ukurasa wa kumi. Wa kumi na tano. Hakuna aliyepiga mwayo. Ndugu za Bata walikuwa wanadai kofia ilikuwa imetupwa. Ndugu za Komisere wakauliza ni nani anayetupa kofia nzima. Ukurasa wa kumi na tisa.

Sasa, barabarani kulikuwa kunapita citoyen mmoja, kama watu walivyoamriwa kuitana, wa ofisi ya serikali, mtu wa miaka thelathini na kitu, mwenye beji kifuani na abakosti iliyombana mpaka akawa anapumua kwa zamu. Zamani aliitwa Adalbert, na mtaani waliendelea kumwita Adalbert akishapita. Kazi yake ilikuwa kusikiliza yanayosemwa mjini na kuyaandika. Alikuwa anapita tu. Kupitia dirishani akasikia sauti nzito ikiuliza: "Basi, kofia ya Komisere iliibwa na nani?"

Na watoto zaidi ya thelathini wakajibu kwa pamoja: "Baaataaa!"

Adalbert alisimama. Katika mtaa ule hakuwahi kusikia mtu aitwaye Bata, na jambo hilo ndilo lililomtisha zaidi. Akatoa daftari, akaja mlangoni.

"Simama," alisema Tonton Honoré. "Kesi iko naendelea. Karatasi yako iko wapi?"

"Unajua miye ni nani?"

"Ndiyo maana naomba karatasi."

Akaonyesha karatasi, Honoré akaishika juu chini, akaichunguza kwa kirefu, akampisha.

"Citoyen Cirhuza," alisema Adalbert, "nani alikupa ruhusa ya kuhukumu kesi ya kofia ya Komisere? Na huyu Bata ni wa avenue gani?"

"Ni bata," alisema Papa Cirhuza. "Ndege. Yumo kitabuni."

Adalbert alikinyakua kitabu, akakitazama mbele na nyuma. Kofia ilikuwepo. Bata alikuwepo. Alitoa jasho: andiko la kigeni, kiongozi anaibiwa, watoto wanachekelea. "Hiki kinaenda na miye ofisi. Kitasomwa kule juu. Kitarudi, kama kitarudi."

Papa Cirhuza aliangalia kitabu kikiingia kwapani mwa mtu yule. Kurasa tano zilikuwa zimebaki. Aliwaangalia watoto wake, macho yao yote wazi, jozi thelathini na kitu, na aliona jinsi ambavyo wiki ijayo yangeanza tena kufumba. Katika miaka thelathini na mmoja hakuwahi kumpinga mtu mwenye beji. Alinyoosha abakosti yake.

"Citoyen," alisema, na sauti ilikuwa ileile, bapa, nzito, isiyo na haraka, "kwa kuwa umeingia mahakamani kesi ikiendelea, kwa kuwa kielelezo hakitolewi ukumbini kabla ya hukumu, kwa kuwa aingiaye ama hukaa, ama hutoka, lakini hasimami katikati, kwa sababu hizo, kaa."

Adalbert alikaa. Baadaye mwenyewe hakuweza kueleza kwa nini. Kitabu kilikuwa bado kwapani, lakini matako yalikuwa chini.

Eulalie alimsogelea, mikono nyuma kama mabawa. "Weye ndiyo Komisere ya kweli?"

"Hapana. Nafanya kazi kwa ofisi."

"Basi weye ni témoin, shahidi. Uape."

"Niape nini?"

"Uape!" walisema ndugu wa pande zote mbili.

Adalbert aliangalia mlango. Honoré alikuwa amesimama hapo. Akainua mkono wa kulia, na kitabu kikaanguka kutoka kwapani, na Papa Cirhuza akakiokota kwa utulivu wa mtu anayeokota kilicho chake.

"Komisere yenu iko na kofia ngapi?" aliuliza Cyprien kwa ukali.

"Mbili," alisema shahidi. Kisha akafikiri. "Tatu. Moja ya mvua."

"Na zote ziko?"

"Juzi nilibebaga moja. Zilikuwa zote."

Minong'ono ikapita ukumbini: jambo hilo lilikuwa na uzito, ingawa hakuna aliyejua lilikuwa na uzito upande gani. "Basi huyu mwingine anatafuta nini?" alisema Eulalie. "Iko na tatu!"

"Komisere ya kitabu haiko na tatu!" Cyprien alilia tena. "Miye niko na moja tu!"

"Kwa kuwa," aliendelea Papa Cirhuza, kitabu kimefunguka tena mikononi, "Komisere alimtafuta bata siku ishirini na nane, kwenye matete, chini ya daraja, mpaka mvua ikaanza..." Ukurasa wa ishirini na moja. Wa ishirini na mbili. "Kwa kuwa ndani ya matete alisikia kitu kinapigapiga..."

"Nini?" alisema Adalbert.

Wote walimgeukia. Alifuta jasho. "Nauliza tu. Kinapigapiga nini?"

Ukurasa wa ishirini na tatu ulikuwa na matete tu na mvua. Papa Cirhuza aliusoma polepole, neno moja moja, kama mtu anayeshuka mteremko wenye utelezi akiwa amebeba mayai. Akafunua wa ishirini na nne. Akafungua mdomo.

"Kwa sababu hizo," alisema, "mahakama..."

Na sauti iliyosoma hukumu miaka thelathini na mmoja bila kukatika ikakatika. Mabega yaliruka mara moja, yakaruka tena. Akajaribu: "Mahakama inaona..." Haikuwezekana. Machozi yalikuwa yanashuka kwenye kola ya abakosti. Akashindwa hata kusimama, akaketi kwenye benchi karibu na Kofia, kitabu kikitetemeka magotini, akacheka bila sauti mpaka akawa mwekundu kama udongo wa barabara ya Kamanyola.

Watoto walimvamia. Hakuna aliyebaki upande wake. Eulalie, aliyekuwa mwembamba kuliko wote, alipita chini ya mikono akafika kwanza.

"Sema basi!" walilia wa nyuma. "Iko nini?"

"Iko kofia," alisema Eulalie. "Iko chini mu majani. Na ndani... ndani iko batoto! Batoto ya bata! Moja, mbili, tano, saba! Bananyoosha vichwa! Nilisema sikuiba! Niliweka mayai!"

"Na Komisere?" Adalbert alikuwa amesimama juu ya benchi kwa ajili ya kuona.

"Komisere anasimama pembeni. Eko na mwavuli."

"Ana haki, mvua inanyesha."

"Hapana! Mwavuli iko juu ya kofia. Juu ya batoto. Yeye mwenyewe analowa."

"Kichwa wazi?"

"Kichwa wazi. Maji inapita mu pua."

Watoto wote walimwona mtu mkubwa, mwenye zone nzima mikononi, akilowa hadi soksi kwa ajili ya bata saba. Kisha ukumbi ukapasuka. Walicheka wakaanguka. Cyprien alicheka akiwa bado analia kwa ajili ya kofia yake, akakosa pumzi, akapigwa mgongoni. Adalbert alijizuia kwa uwezo wake wote, lakini abakosti haikujizuia: kifungo cha katikati kiliruka, kikampiga Honoré sikioni, na baada ya hapo hakukuwa tena na sababu ya kujizuia.

Alipopata pumzi alitafuta daftari lake. "Papa Cirhuza, sasa miye niandike nini?"

Papa Cirhuza alipangusa macho kwa mkono wa nguo. "Andika kwamba kofia imeonekana."

Adalbert aliandika.

Saa kumi na moja akina mama walifika na mikono tayari kubeba watoto waliolegea. Waliwakuta mlangoni wanapigana, wakidai kila mmoja awe Bata, na Kofia imekataa katakata kurudi kuwa mtoto. Maman Valérie alikuwa amesuka robo tatu ya kichwa. Aliangalia Eulalie akija mbio, akaangalia mkeka uliokuwa bado umekunjwa.

"Papa Cirhuza! Hakulala?"

"Hapana, maman."

"Hata kidogo?"

"Hakuna hata mmoja," alisema Papa Cirhuza, na akaona aibu kwa furaha aliyokuwa nayo.

"Maman," Eulalie alimvuta kitenge, "kwa kuwa uliniahidi beignet ya sukari, kwa kuwa hukunipa..."

Maman Valérie alimtazama mzee kama mtu anavyomtazama aliyevunja chungu cha jirani. Bombani jioni ile yalisemwa mengi. Dawa ya mtaa ilikuwa imekwisha nguvu, walisema, na mbaya zaidi, imegeuka: sasa watoto wanawahukumu wazazi wao mezani. Wakakubaliana, wanawake kumi na saba, kwamba hawatapeleka tena mtoto kwa yule mzee.

Jumatano iliyofuata, saa tisa kasorobo, kumi na saba hao hawakupeleka mtoto hata mmoja. Watoto walijipeleka wenyewe.